Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Familia Zenye Wagonjwa wa Kifafa, Mbulu

Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wazee wetu na ndugu wanachama,

Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha leo. Vikao vya kamati vilifanyika, misiba tulishirikiana, na bwana mifugo alitufundisha habari za mabanda ya nguruwe na vyoo. Hayo mnayafahamu.

Hesabu ni hizi. Wanachama ni 64. Waliolipa ada ya Sh 12,000 ni 23. Ada Sh 276,000, harambee Sh 840,000, jumla Sh 1,116,000. Nauli na vipimo vya CT (picha za ubongo) Sh 905,000, chai na shajala Sh 88,000, salio Sh 123,000.

Sasa nije kwenye hiyo Sh 905,000, maana nimeisikia gulioni kabla haijaletwa kikaoni. Inasemwa kwamba fungu la dawa limeliwa na watu wanne waliokwenda kupigwa picha za ubongo, ilhali lingenunua albendazole, dawa ya minyoo, ya kila mgonjwa wetu. Pendekezo la kuwapeleka kwenye picha lilikuwa langu, kamati ikalipitisha, na ninalisimamia hata leo.

Wanaodai dawa kwa wote wanadhani kila kifafa cha Mbulu kinaletwa na mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe. Sivyo. Hapa hapa wilayani, Hospitali ya Haydom, Dkt. Andrea Winkler na wenzake waliwapiga picha wagonjwa wa kifafa 212, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: waliokutwa na alama za tegu ubongoni ni 38. Ni wengi, na inauma kwa sababu ugonjwa huu unazuilika. Lakini wale wengine 174 dawa ya minyoo ingewatibu nini?

Hata mwenye tegu hapewi dawa kiholela. Mtoto wa tegu hujifungia ndani ya kifuko, na kifuko hicho kinaweza kukaa ubongoni miaka bila dalili. Shida huanza pale kinapokufa na mwili kukishambulia. Ukiviua vifuko vingi kwa mkupuo bila dawa ya kutuliza uvimbe, ubongo unavimba na mgonjwa anaweza kufa mikononi mwako. Kikiwa jichoni, anaweza kupofuka. Kikiwa kimeshageuka kokoto, hakuna cha kuua; anahitaji dawa za kifafa tu. Bila picha utajuaje? Ugonjwa huu hujifanya TB ya ubongo, saratani, kiharusi, hata kichaa.

Tazameni wale wanne. Mmoja alikuwa akitibiwa TB ya ubongo bila nafuu. Picha ilionyesha vifuko hai, akalazwa, akapewa albendazole pamoja na prednisolone ya kutuliza uvimbe, na leo analima. Wa pili, ambaye ukoo ulishamtangaza kuwa ana mashetani, alikutwa na vifuko vilivyokauka. Anameza dawa za kifafa na ametulia. Wa tatu ana uvimbe ambao si tegu kabisa, amepewa rufaa. Wa nne hakuonekana na kitu. Nani kati yetu angewatofautisha kwa macho?

Na kuhusu maneno kwamba mmoja wao ni mtoto wa kaka yangu: ni kweli. Aliyewachagua ni muuguzi wa zahanati, akitazama nani ameanza kuanguka ukubwani na nani anaumwa kichwa na kutapika. Orodha iko kwa Katibu, kila mtu aisome.

Mahudhurio yananisikitisha sana. Mkutano wa Juni tulikuwa 11. Wapo wenzetu waliosema wazi kwamba hawali kitimoto, kwa hiyo ada ya mambo ya tegu haiwahusu. Ndugu zangu, anayekula nyama yenye vifuko isiyoiva anapata tegu tumboni. Cha ubongoni kinatoka kwenye mayai yaliyomo katika kinyesi cha mtu huyo, yakiingia mdomoni kwa mkono, maji au mboga. Mwaka 1992 madaktari walitangaza ugonjwa huu katika familia za Kiyahudi za New York zisizogusa nguruwe kabisa. Chanzo kilidhaniwa kuwa wafanyakazi wao wa ndani waliokuwa na tegu. Choo cha jirani kinakuhusu, hata kama sahani yake haikuhusu.

Kwa mwakani, tunatarajia kuongea na halmashauri juu ya oxfendazole, dawa ya kuua vifuko vya tegu ndani ya nguruwe, na TSOL18, chanjo ya kuwakinga nguruwe na tegu, nguruwe wasiachwe kuzurura, na ikiwezekana kila kaya iwe na choo. Fedha zikipatikana, tutapeleka wengine kwenye kipimo, na utaratibu utakuwa ule ule wa muuguzi.

Naomba taarifa ipokelewe na ijadiliwe. Mweka Hazina amekaa mlangoni na daftari. Ada za mwaka uliopita bado zinapokelewa.

Nawasilisha.
Mwenyekiti