Mzazi, usitie saini kisha ukaondoka lokesheni

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji tuzungumze na wazazi wenzetu ambao watoto wao wanaimba, wanaigiza au wanacheza, hasa wale ambao watoto wao wameshaanza kupata jina. Sisi ni washonaji na wapambaji wa mavazi ya jukwaani na ya video hapa Bagamoyo. Mji wetu una chuo cha sanaa, TaSUBa, una ufukwe, una magofu ya Kaole na Ngome Kongwe, na Dar es Salaam si mbali, kwa hiyo kamera hazikosekani. Mbele ya kamera hizo husimamishwa mabinti wa miaka 14 na 15, wamevalishwa na kuchezeshwa kama watu wazima. Video ikitoka, maneno yote humwangukia binti: hana adabu, kaharibika, kakua kabla ya siku zake. Aliyetia saini hatajwi.

Tuanze na hiyo saini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na mtu wa umri huo hana uwezo wa kufunga mkataba. Ndiyo maana prodyuza au meneja anakutafuta wewe mzazi, anakupigia simu kwa heshima zote na kukuletea fomu ya ukurasa mmoja. Bila jina lako hana kazi. Wazazi wengi huitia saini fomu hiyo wamesimama mlangoni, kwa kalamu ya mgeni, na ndani yake mara nyingi mna sentensi moja iliyobeba kila kitu: kwamba picha na sauti ya mtoto zitatumika kwa matumizi yoyote, mahali popote, bila kikomo cha muda.

Uzito wa sentensi ya namna hiyo ulionekana Marekani. Mwaka 1975 Brooke Shields, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji maarufu wa sinema, akiwa na miaka 10, alipigwa picha za utupu na mpiga picha Garry Gross. Mama yake alitia saini ridhaa isiyo na mipaka, malipo yakiwa dola 450. Binti alipokuwa nyota alikwenda mahakamani kutaka zisitumike tena. Kesi ikafika Mahakama ya Rufaa ya Jimbo la New York, na mwaka 1983 majaji wakaamua kwamba ridhaa aliyoitoa mama inamfunga mtoto. Sheria ya kule si ya kwetu. Hapa kwetu ridhaa ya mzazi haihalalishi picha ya ngono ya mtoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeweka kifungo kisichopungua miaka saba au faini isiyopungua shilingi milioni 50, au vyote viwili. Lakini picha nyingi tunazozizungumzia hazifiki kwenye utupu. Vazi limebana, mguu umeinuliwa, jicho limelegezwa, basi. Polisi hawana cha kushika hapo. Anayeweza kuzuia ni mzazi, na nafasi yake ni kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kwa hiyo chukua kalamu na ukate. Penye "matumizi yoyote" andika "video ya wimbo huu mmoja na matangazo yake". Penye "bila kikomo" andika "miezi 12". Kisha ongeza kwa mkono wako: vazi lililokubaliwa halibadilishwi siku ya kazi bila mzazi, mzazi ataiona video iliyokwisha kuhaririwa, pamoja na picha ya kava, kabla haijatolewa, vipande visivyotumika vitafutwa, mlezi aliyetajwa kwa jina atakuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, maneno ya wimbo yameambatishwa. Kila ulipokata, wewe na yeye mtie saini pembeni, na uondoke na nakala. Akikataa hata kimoja, muage.

Maneno ya wimbo tumeyataka kwa sababu. Kutokuwa na tusi hakutoshi. Waswahili tunajua kufumba. Kama kuna embe bivu, kinu na mchi, au kisima kisichokauka, mwulize mtunzi anakusudia nini. Akishindwa kukueleza uso kwa uso, mtoto wako haimbi.

Sasa vazi, ambalo ndilo letu. Mzazi hutumiwa kwa WhatsApp picha ya gauni refu la kupendeza, anaridhika. Siku ya kazi linatoka begi la pili, lenye nguo ambazo hakuna aliyemwonyesha, na kwa kuwa gari limeshalipwa na kamera imeshakodiwa, kila mtu anamtazama mama kama yeye ndiye anayechelewesha kazi. Dai nguo zote ziletwe nyumbani siku moja kabla. Mvalishe mtoto, umwambie akae kwenye kiti kifupi, ainame kuokota kitu, azunguke kwa kasi, ainue mikono yote miwili. Blauzi inayofika kiunoni akiwa amesimama itapanda hadi mbavuni mikono ikiwa juu, na kwenye kucheza mikono iko juu muda mwingi. Iongezwe kipande cha chini, au ndani avae fulana ya kubana ya rangi ile ile. Chini ya sketi avae taiti inayofika nusu ya paja, ya rangi ya sketi, si ya rangi ya mwili, maana ya rangi ya mwili kwenye video huonekana kama hakuvaa kitu.

Kisha pima kitambaa. Washa tochi ya simu nyuma yake; ukiona vidole vyako, panahitajika bitana. Kama kuna maji kwenye kazi hiyo, bahari, mvua ya mpira au ndoo, lowesha kipande kidogo ukilaze juu ya kiganja. Pamba nyeupe ikilowa huonyesha hadi mistari ya kiganja, na hivyo hivyo ndivyo itakavyoonyesha mwili wa mtoto.

Hapa Bagamoyo kuna jambo ambalo wageni hawalijui na wenyeji hatulisemi. Ufukwe wetu unatazama mashariki. Asubuhi jua linachomoza baharini, na madairekta wengi wanataka bahari iwe nyuma ya msanii. Maana yake jua nalo liko nyuma yake. Linapenya gauni la shifoni au la pamba nyepesi na kuchora mapaja na kiuno wazi kabisa. Wewe uliyesimama pembeni huoni kitu; kamera iliyo mbele yake inaona vyote. Dawa zipo tatu. Mshonee shimizi nzito ya rangi ya gauni, inayokaribia pindo. Au kamera igeuzwe itazame kaskazini au kusini, kufuata ufukwe, mwanga uje kwa ubavuni. Au kazi ifanywe saa 10 jioni, jua likiwa upande wa nchi kavu nyuma ya mpiga picha. Bahari itakuwepo na gauni litabaki gauni.

Hiyo saa 10 jioni ina faida nyingine. Anayetaka kuwahi jua likichomoza huanza kumpamba mtoto usiku wa manane, na Sheria ya Mtoto inakataza kumfanyisha mtoto kazi za usiku. Usiku wenyewe umetajwa: saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mzazi akiambiwa "tutamchukua saa 9 alfajiri", jibu analo tayari, na si lake, ni la sheria.

Kuhusu kupamba hatuna mengi. Binti wa miaka 15 hahitaji kope za bandia wala mdomo uliochorwa kuzidi mdomo wake. Poda ya kuondoa mng'ao inatosha kwa kamera.

Siku ya kazi, mahali pa mzazi ni nyuma ya monita, kile kioo kinachoonyesha kamera inachokiona. Si ndani ya gari, si kivulini na soda ya kukaribishwa. Mwaka 2008 mwimbaji na mwigizaji wa Marekani Miley Cyrus, akiwa na miaka 15, alipigwa picha za jarida la Vanity Fair, na katika moja amejifunika shuka, mgongo wazi. Familia yake ilihudhuria kazi ile. Picha ilitoka hivyo hivyo, na aliyeomba radhi kwa mashabiki ni binti. Kuwepo tu hakutoshi. Angalia lenzi iko wapi: ikae usawa wa kifua au macho ya mtoto. Mpiga picha akipiga goti au akilala chini mbele ya mtoto aliyevaa sketi, kazi isimame. Angalia pia kichwa. Kipande chochote ambacho uso wa mtoto haumo, kiuno peke yake au miguu peke yake, kimepigwa kwa ajili ya mwili wake, kitolewe.

Kasi nayo ina siri. Kamera ikipiga picha 120 kwa sekunde, kisha video ikachezwa kwa 24, sekunde moja inakuwa tano. Mzunguko wa nyonga ambao mtoto aliupita haraka katika kucheza unarefushwa mpaka unakuwa jambo jingine kabisa. Na edita akiunganisha tabasamu la mtoto na sura ya mwanamume mzima anayetazama juu hadi chini, mapenzi yameshatengenezwa, hata kama wawili hao hawakukutana hata mara moja. Haya huyaoni lokesheni. Ndiyo maana tumesisitiza mzazi aione video iliyokwisha kuhaririwa.

Na miondoko yenyewe, mingi tunaijua inakotoka. Bibi zetu wa Kizaramo na Kikwere waliifundisha ndani, mwali na somo wake, mlango umefungwa. Ina heshima yake na ina wakati wake. Kumtoa mtoto wa kidato cha pili aicheze ufukweni mbele ya vijana kumi wenye simu ni kumvunjia heshima yeye na bibi zake.

Tumetaja simu makusudi. Video rasmi walau ina mtu wa kumuuliza. Vile vipande vya nyuma ya pazia vinavyorekodiwa na msaidizi wa taa au dereva, mtoto akibadilisha viatu au akirekebishwa mkanda, havina mwenyewe, na ndivyo vinavyosambaa usiku huo huo. Simu zote zikusanywe kwenye kikapu kabla mtoto hajavaa, na mahali pa kubadilishia nguo pawe chumba chenye kitasa, si nyuma ya kanga iliyoshikwa na watu wawili.

Kuna swali gumu ambalo hatutaki kulikwepa: kwa nini mzazi mwenye akili timamu anaona haya yote na kunyamaza? Mara nyingi ni kwa sababu nyumba imeshaanza kula kutokana na jina la mtoto. Kodi, ada za wadogo zake, mkopo wa baba, vyote vinasubiri video inayofuata. Mzazi wa namna hiyo hawezi tena kusema hapana. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 1939 baada ya mchezaji sinema Jackie Coogan kukuta fedha zake za utotoni zimeliwa na mama na baba wa kambo. Leo asilimia 15 ya mapato ya mtoto huwekwa kwenye akaunti asiyoigusa mtu hadi atimize miaka 18. Hapa hakuna anayekuzuia kufungua akaunti ya mtoto benki na kuweka nusu au yote. Nyumba iendeshwe na kazi ya wazazi, ili siku ya kukataa ikifika pasiwe na anayelala njaa.

Kurasa za mitandaoni tutazisema kwa ufupi. TikTok humfungia mlango mtoto aliye chini ya miaka 16: akaunti huanza ikiwa ya faragha na ujumbe wa ndani haupo. Laivu ni kuanzia miaka 18. Mameneja huandika mwaka wa kuzaliwa wa uongo ili binti apate laivu na zawadi zake, na kwa uongo huo kinga zote zinaondoka pamoja. Kagua mwaka ulioandikwa. Ukurasa wa kibiashara wa Instagram pia unaonyesha umri na jinsia ya wafuasi. Mwanao ana miaka 15 na wengi wanaomfuata ni wanaume wa miaka 25 hadi 44? Hao si mashabiki wa sauti yake.

Ikitokea picha mbaya imevuja, usiisambaze kwa shangazi na wajomba "waone walichofanya". Kuisambaza ni kosa lile lile. Andika kiungo, jina la akaunti, tarehe na saa, uende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116 bure. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down kwa picha za utupu au za ngono za walio chini ya miaka 18: picha inabaki kwenye simu yako, kinachotumwa ni alama yake tu, na mitandao iliyojiunga huitafuta na kuiondoa. Haifiki ndani ya WhatsApp, kwa hiyo wahi kabla haijaingia huko.

Mwisho tunakugeukia wewe, Mhariri. Mwigizaji Natalie Portman alieleza mwaka 2018 kwamba alipokuwa binti mdogo redio ya mji wao ilihesabu siku zilizobaki afikishe miaka 18, na wahakiki waliandika juu ya kifua chake. Kurasa zetu za burudani hazijaepukana na hayo. Binti wa miaka 16 anaulizwa ana bwana nani, picha yake inachaguliwa ile iliyobana kuliko zote, na kichwa cha habari kinasema "ameiva". Tunaomba dawati lako la burudani liulize umri kabla ya kuchapa, lisimuulize aliye chini ya miaka 18 habari za mapenzi, na liziondoe kwenye mtandao wa gazeti picha za watoto za aina hiyo zilizokwisha kuwekwa.

Wako,
Washonaji na wapambaji wa mavazi ya sanaa,
Bagamoyo, Pwani