Khalati Ametia Kabati Kufuli

Shangazi, shikamoo. Naandika alfajiri inaadhiniwa na sijafumba jicho. Usinione mlafi. Mimi si mlafi.

Khalati, dadake mama ninayekaa kwake, ametia kabati la jikoni kufuli. Hakunigombeza, na wallahi heri angenigombeza. Mahamri ya asubuhi aliyoyafunika kwa kitambaa niliyala yote saa nane za usiku, mbaazi nikazichota zimepoa, kwa mkono, taa sijawasha. Watoto wakaenda shule na chai kavu. Niliporudi jioni nikakuta kufuli. Dogo, la shaba, kama la sanduku la safari.

Ningeelewa lau ningekuwa sina faida nyumbani. Maji nabeba mimi, watoto wake hesabu nawasomesha mimi. Mwanamume wa miaka 21 nafungiwa chakula kama paka!

Mchana sili, ni kweli. Nilipoingia chuo wenzangu waliniita tipwatipwa, wakacheka, nami nikacheka nao. Tangu hapo natoka Kisauni na chai ya rangi tumboni, na wale wauza viazi karai nje ya geti nawapita nimebana pumzi. Nikiulizwa nyumbani nasema nimefunga suna. Khalati huniombea dua, hunisifu kwa majirani. Sasa nitamwambiaje kwamba saumu zile hazikuwa saumu? Lakini hilo si nililoandikia.

Usiku ndio balaa. Nalala saa sita, saa nane macho kodo, tumbo languruma. Nikishakula naona haya, nashika simu mpaka kunakucha, kisha darasani nasinzia mate yakinitoka. Muuguzi wa zahanati ya chuo alinieleza kwamba mwili ukikosa usingizi, homoni ya njaa hupanda na ile ya kushiba hushuka, na anayejinyima mchana kutwa njaa humdai usiku. Umri wangu, alisema, nahitaji usingizi wa muda wa saa 7 hadi 9 kila usiku. Nianze kula mchana, halafu nirudi tuzungumze, maana huku kuamka kula usiku kunatibika. Sijarudi. Siku ile kwenye benchi alikaa msichana wa darasa letu, akanisikia nikiitwa.

Ila kufuli, Shangazi. Si angeniita tu, tukae, aniulize?

Nataka unieleze mtu humwombaje mlezi wake aondoe kufuli bila kuonekana amekosa adabu. Au nihamie bweni, kusiko na jiko. Sijui. Juzi khalati alisahau, likabaki linaning'inia wazi na ufunguo wake. Nilisimama mbele yake kitambo, nikalibana mwenyewe, ufunguo nikausukuma chini ya mlango wa chumba chake. Kufika saa tisa nilikuwa nimekaa sakafuni, nalivuta.

Mwanafunzi, Kisauni