Shoga, hayo mashuka ya kung'aa yaache kwanza

Shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo? Huku Tanga tunamshukuru Mungu, watoto wazima, mama naye mguu umetulia. Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, ile unasema unaamka saa nane za usiku shuka limelowa chepechepe na baba Salma kahamia sebuleni, imeniuma maana mi mwaka juzi nilipita humo humo. Halafu mwishoni ukasema umeona mashuka eti ya baridi, laini, yanang'aa, na Jumamosi unaenda kuyachukua. Nikaona hili la voisi halitoshi, ngoja nikae niandike. Usiyanunue shoga.

Mi niliyanunua. Pakiti imeandikwa pamba asilimia 100, nyuzi 1500, ukiyagusa pale dukani ya baridi kama mtungi. Usiku wa kwanza haikufika hata saa sita yameshaninata mgongoni. Asubuhi nikachomoa uzi kwenye pindo nikauwasha kiberiti, ukayeyuka ukawa kidonge kigumu na harufu ya plastiki, polista tupu! Pamba haiyeyuki, inaungua kama karatasi inabaki jivu laini. Ule ubaridi wa dukani ni kwamba kitambaa kile kinavuta joto la mkono haraka, sasa ukikilalia dakika chache nacho kimeshapata joto lako mnakuwa sawasawa, na jasho halina pa kwenda.

Maana kinachopoza mwili siyo kutoka jasho, ni jasho kukauka. Na sisi wa pwani kipindi hiki cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, hewa yenyewe imejaa unyevu, usiku Dar joto linagoma kwenye nyuzijoto 25 na zaidi, jasho linakauka kwa shida. Kwa hiyo shuka linatakiwa linywe jasho halafu liliachie hewani. Pamba inafanya hivyo, kitani kinaishinda hata pamba ila bei yake siyo ya kwetu. Kuna na ya mianzi, nayo yanakunywa maji vizuri na ni laini, ila soma lebo uone hayajachanganywa na polista nyingi maana neno mianzi linaandikwa kwa herufi kubwa na polista kwa ndogo.

Na hiyo namba ya nyuzi isikubabaishe. Zinahesabiwa nyuzi za wima na za ulalo kwenye inchi moja ya mraba, sasa wengine uzi mmoja uliosokotwa kwa nyuzi tatu wanauhesabu tatu, ndo unakuta 1000, 1500. Kwa mtu wa joto 200 mpaka 400 inatosha kabisa, zaidi ya hapo kitambaa kinabana hewa haipiti. Angalia pia kilivyofumwa, kile cha uzi mmoja juu mmoja chini, kikavu kidogo mkononi, haking'ai, hicho ndo chetu, kile cha satini kinachoteleza uzi unaruka nyuzi kadhaa ndo mana kinang'aa, na kinakuwa kizito zaidi. Kitambaa chochote kishike ukielekeze kwenye taa uone mwanga unapita, halafu weka mdomo upulize, pumzi ipite.

Lakini Mwanaidi, kabla ya shuka nina swali, lile godoro mlilonunua mlivyohamia Tabata, nailoni yake mlishaitoa? Maana nilivyokuja kwenye arobaini ya mjukuu nilikaa kitandani kwako nikasikia inalia chini ya shuka. Najua unalitunza lisichafuke, wengi tunafanya hivyo, ila hapo umelalia mfuko wa plastiki, hata ungeleta shuka la mfalme utalowa tu. Itoe leo leo. Sponji lenyewe linatunza joto, we tandika mkeka wa ukindu juu yake halafu shuka, mi ndo nalala hivyo, mwanzoni mgongo utaona pagumu siku mbili tatu unazoea. Bibi yangu alikuwa na kitanda cha kamba, hewa inapita chini na juu, na sikumbuki kumsikia akilalamika joto hata siku moja.

Mto pia badilisha, ule wa vipande vya sponji unachoma shingo. Tafuta wa sufi, uuanike juani kila wiki usigande. Blanketi weka kabatini, jifunike khanga, ila khanga ya pamba, siku hizi zipo za polista zimejaa. Chandarua usiache hata joto liwe vipi, malaria haina huruma, we tumia kile cha pembe nne badala ya cha duara kinachokushukia usoni, feni ipulize kutokea ubavuni.

Na la mwisho hili siyo la shuka. Una miaka 49, hedhi umesema inaruka miezi, hayo majoto ya ghafla usoni na kifuani yanakuja na umri, siyo mtu kakufanyia kitu kama anavyosema wifi yako. Ila kama kuna kukohoa wiki mbili, au homa, au unapungua mwili, nenda hospitali upime, jasho la usiku linaweza kuwa dalili ya TB. Hata kama ni umri tu, nenda uongee na daktari, dawa za kupunguza zipo, usikae kimya kwa aibu kama nilivyokaa mimi mwaka mzima.

Mashuka nimekushonea mawili, nimenunua marikani kwa mita, fundi kaunga katikati yakatosha kitanda cha sita kwa sita. Najua utaona meupe utasema mbona kama sanda, ndo mana nimemwambia aweke pindo la kitenge cha kijani kuzunguka pande zote, na foronya mbili za kitenge hicho hicho. Anakuja nayo Hamisi wetu kwa basi la Ijumaa, atakupigia akifika stendi ya Mbezi. Yafue mara mbili kabla hujatandika, yana wanga bado hayanywi maji, na usiweke ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi. Yaanike juani yakauke kabisa.

Ukilala nayo usiku wa kwanza nitumie voisi asubuhi, hata kama ni fupi.

Ni mimi shoga yako,
Mama Zuhura