Makao makuu ya kampuni hayafuati msamaha wa kodi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila inaposikika kwamba kampuni kubwa inatafuta mji wa kuweka makao yake makuu, yawe ya taifa au ya kanda, viongozi wetu wa miji na mikoa hukimbilia vitu viwili: ardhi ya bure na msamaha wa kodi. Wanaanzia mwisho. Ndani ya kampuni yenyewe suala la vivutio kama hivyo huletwa mezani wakati miji imeshachujwa ikabaki miwili au mitatu, na kazi yake ni kupunguza gharama katika mji ambao kampuni imekwisha kuupenda.

Mchakato huanza kimya kimya. Kampuni huunda kikosi kidogo chenye mtu wa fedha, wa rasilimali watu, wa majengo na mwanasheria, na mara nyingi huajiri mshauri wa nje ambaye kazi yake ni hiyo tu. Mradi hupewa jina la siri ili bei za viwanja zisipande, na ili wafanyakazi wa makao ya zamani wasianze kuacha kazi mapema. Mchujo wa kwanza hufanywa kwa takwimu, na mji haujui kama unaangaliwa. Wanatafuta idadi ya watu wenye ujuzi unaohitajika ambao tayari wanaishi mahali wanapoweza kufika kazini kwa muda usiozidi saa moja, mishahara wanayolipwa sasa, wahitimu wa kila mwaka kwa fani, safari za ndege za moja kwa moja kwa wiki, na ofisi zilizo tayari kuingiwa. Mji ambao takwimu hizi hazipatikani popote hufutwa hapo hapo, na hakuna anayeuandikia barua kuueleza.

Kwa nini watu kwanza? Tupige hesabu ya mfano. Makao makuu yenye wafanyakazi 500, kila mmoja akigharimu wastani wa shilingi milioni 5 kwa mwezi, yatatumia shilingi bilioni 30 kwa mwaka kwa mishahara. Kwa mita za mraba 12 kwa kila mtu, ofisi itakuwa ya mita 6,000. Pango likiwa shilingi 40,000 kwa mita kwa mwezi, jumla ni bilioni 2.88 kwa mwaka. Sasa chukua mji wenye wahasibu, wanasheria na wahandisi wachache, ambako kampuni italazimika kuongeza mishahara kwa asilimia 10 tu ili watu wakubali kuhamia. Hiyo ni bilioni 3 kila mwaka. Hata ukiipa ofisi bure kabisa, bado inapata hasara kuja kwako.

Na msamaha wa kodi ya mapato? Hapa ndipo wengi wanapokosea zaidi. Makao makuu ya kanda kwa kawaida si mahali pa faida, ni mahali pa gharama. Yanatoa huduma kwa kampuni tanzu za nchi nyingine na kuzitoza gharama pamoja na nyongeza ndogo. Gharama zote zikiwa bilioni 36 na nyongeza asilimia 5, faida ni bilioni 1.8, na kodi ya asilimia 30 ni shilingi milioni 540. Huo ndio ukomo wa thamani ya msamaha mnaoutoa kwa mbwembwe. Sheria za Tanzania na Kenya tayari zinatoa miaka 10 ya msamaha wa kodi hiyo kwa viwanda vya maeneo ya EPZ, yaani maeneo maalumu ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, na kwa kiwanda kinachouza nje una maana. Kwa ofisi, kinachouma ni kibali cha kazi kinachochelewa, kodi ya zuio (inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mlipwaji) kwenye ada za huduma zinazovuka mpaka, na umeme unaokatika.

Mfano wa wazi kuliko yote ni wa Amazon, kampuni ya Marekani ya biashara ya mtandaoni, kwa sababu ilifanya hadharani kile ambacho kampuni nyingine hukifanya kwa siri. Septemba 2017 ilitangaza kutafuta makao makuu ya pili nje ya Seattle, ikiahidi ajira hadi 50,000 na uwekezaji wa zaidi ya dola bilioni 5. Ilitaka eneo la mji lenye watu zaidi ya milioni 1, uwanja wa ndege wa kimataifa usiozidi mwendo wa dakika 45, barabara kuu ndani ya maili moja au mbili, usafiri wa umma unaofika mlangoni, na majengo ya futi za mraba 500,000 kwa awamu ya kwanza, yakiweza kukua hadi milioni 8. Yalifika maombi 238. Januari 2018 ikabaki miji 20, na Novemba mwaka huo ikatangaza kugawa makao hayo kati ya Long Island City mjini New York na Arlington katika jimbo la Virginia, ajira 25,000 kila upande.

Angalia walioshindwa. Newark katika New Jersey ilikuwa na kifurushi cha vivutio cha dola bilioni 7. Maryland iliahidi takriban bilioni 8.5, na eneo lake lilikuwa ng'ambo tu ya mto Potomac kutoka Virginia, katika soko lile lile la ajira la Washington. Virginia na Arlington, kwa pamoja, ziliahidi kuilipa kampuni dola milioni 573. Lakini Arlington ilikuwa na treni ya Metro, uwanja wa ndege wa kufikika kwa miguu, na majengo mengi ya ofisi chini ya mmiliki mmoja, baadhi yakiwa matupu baada ya idara za jeshi kuhama. Kampuni ingeweza kuanza kazi bila kusubiri zege likauke.

Virginia pia ilitumia fedha nyingi mahali ambapo kampuni haiwezi kuzibeba ikiondoka. Iliahidi kuongeza wahitimu zaidi ya 30,000 wa kompyuta na fani zinazofanana katika miaka 20 kupitia vyuo vya jimbo, na kampasi mpya ya Virginia Tech ikajengwa Alexandria. Iliahidi dola milioni 195 kwa miundombinu, ikiwemo milango mipya ya vituo vya treni. Fedha za kulipwa kampuni zenyewe zilifungwa kwa kila ajira: dola 22,000 kwa ajira moja iliyokwisha kuhakikiwa, na mishahara yenye wastani usiopungua dola 150,000. Kinga hiyo ilihitajika. Machi 2023 Amazon ilisimamisha ujenzi wa awamu ya pili, na kwa kuwa malipo yanafuata ajira, ajira ambazo hazijapatikana hazijalipiwa.

Boston nayo ilijilinda kwa namna nyingine. General Electric ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko kutoka Fairfield, Connecticut, jimbo na jiji waliahidi hadi dola milioni 145 kwa ajira 800. Sehemu kubwa ya fedha za jimbo haikupewa kampuni mkononi. Ilitumika kununua na kukarabati majengo yaliyobaki mali ya shirika la umma la jimbo. Kampuni ilipoyumba na kufuta mpango wa kujenga mnara mwaka 2019, ilirudisha dola milioni 87 na majengo yakauzwa. Boeing, iliyoacha Seattle mwaka 2001 kwenda Chicago, ilitangaza mwaka 2022 kuhamia Arlington. Makao makuu huhama, na mkataba uandikwe kwa kujua hivyo.

Kwetu, Nairobi haikupata ofisi za kanda kwa kugawa viwanja. Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 1972 kuweka huko makao ya shirika lake la mazingira, UNEP. Kukaja balozi, shule za kimataifa na kituo kikuu cha ndege cha kanda, na mke au mume wa mfanyakazi naye akaweza kupata kazi. Jambo hilo la mwisho huulizwa sana katika usaili wa maofisa wa ngazi za juu, na miji mingi haina jibu. Dodoma sasa ina treni ya SGR kutoka Dar es Salaam tangu 2024, na hilo lina uzito mkubwa kuliko msamaha wowote ambao halmashauri inaweza kuutangaza.

Kwa hiyo halmashauri inayotaka kushindana ianze na jalada moja la takwimu zilizohakikiwa: wahitimu kwa fani, mishahara ya sasa, saa za kukatika umeme kwa mwezi, njia za mkongo wa mawasiliano na nani anazimiliki, siku halisi za kupata kibali cha ujenzi. Saa za umeme ziandikwe kama zilivyo, kwa sababu wageni watawauliza waajiri waliopo mjini, na ukikutwa umedanganya kwenye hilo hawataamini kurasa nyingine. Kisha liwepo eneo moja lenye hati safi, fidia ikiwa imelipwa yote. Kiwanja chenye wakazi wanaodai fidia si kiwanja kilicho tayari, na wanasheria wa kampuni hugundua jambo hilo katika wiki ya kwanza ya uchunguzi. Suala la vibali vya kazi lizungumzwe na wizara kabla wageni hawajafika, maana halmashauri haina mamlaka nalo. Siku ya ziara, waachwe wakae na waajiri na wakuu wa vyuo bila ofisa wa serikali chumbani. Ngoma na hotuba zinakula muda wa maswali.

Mkataba nao uwe wazi, na nasema hivyo kwa sababu ya kilichotokea New York. Mji na jimbo waliiahidi Amazon karibu dola bilioni 3, sehemu kubwa yake ikiwa unafuu wa kodi wa jimbo uliofikia dola 48,000 kwa kila ajira. Mradi ulipangwa upite kwa utaratibu wa jimbo, ukikwepa ukaguzi wa matumizi ya ardhi wa baraza la jiji. Madiwani na wakazi wa Queens, sehemu ya jiji iliko Long Island City, waliyajua masharti yakiwa yamekwisha kukubaliwa, wakapinga kwa nguvu, na tarehe 14 Februari 2019 Amazon ikajitoa. Mwishoni mwa mwaka huo huo ilikodi ofisi Manhattan kwa ajili ya watu 1,500 bila kifurushi chochote, kwa sababu watu iliowahitaji walikuwa wanaishi New York.

Rasimu ya mkataba wa aina hii ifike mbele ya baraza la madiwani kabla haijasainiwa, ikionyesha gharama kwa kila ajira, wastani wa mishahara ulioahidiwa, tarehe za uhakiki, kiasi cha kurudishwa ahadi isipotimia, na nani atamiliki jengo kampuni ikiondoka. Wananchi nao wapewe nakala.

Msomaji wako,
Arusha