Barua kwa shosti: hiyo ngoma unayoiita mpya

Shosti wangu kipenzi,

Vipi mwaya, mzima? Mi mzima kabisa, baridi tu ndo inatusumbua huku London ila tushazoea. Meseji yako nimeipata, ile ya kusema PinkPantheress, yule binti mwimbaji wa huku Uingereza, kaleta muziki mpya duniani na unajivunia maana mama yake Mkenya. Jivunie tu, hata mi namjivunia, ila hilo la mpya hapana, siwezi kukuacha nalo. Nilianza kukujibu kwa voisi nikaona itakuwa ndefu mno, bora niandike, kwa sababu humu ndani kuna watu ambao hawakutendewa haki na inaniuma kila nikiwaza.

Hebu isikilize tena ile Break It Off. Hizo drams zinazokimbia na mlio laini unaopita juu yake vimetoka kwa Adam F, ngoma inaitwa Circles, ya mwaka 1995. Hiyo ni drum and bass. Na drum and bass imezaliwa na jungle, na jungle imeota London mwanzoni mwa miaka ya 90, Hackney na maeneo yale, kwa watoto wa wahamiaji wa Karibi na watoto wa wazungu wa hali ya chini waliokuwa wanaishi pamoja kwenye maghorofa ya halmashauri. Nyumbani wamekulia rege, zile spika za Kijamaika zinazopangwa mpaka zinagusa dari, usiku wanaenda reivu, zile sherehe za kucheza mpaka asubuhi, kucheza muziki wa hausi. Wakachukua besi ya rege wakaipachika drams za Marekani, drams wakazikimbiza mpaka mapigo 160, 170 kwa dakika, besi ikabaki inatembea nusu ya mwendo huo. Ndo maana klabu unaona mmoja anaruka kama kichaa na mwenzake pembeni anakata kiuno taratibu, na wote wako sawa na biti.

Sasa hizo drams zimetoka wapi, hapo naomba nikae kidogo.

Mwaka 1969 kuna bendi ya Washington DC inaitwa The Winstons, wakatoa santuri, upande wa kwanza Color Him Father, ikapendwa sana mpaka ikapata Grammy. Upande wa pili wakaweka ngoma ya kujazia tu, Amen, Brother, muziki mtupu hamna anayeimba. Katikati wenzake wote wananyamaza, mpiga drams Gregory Coleman anapiga peke yake, sekunde kama 6 hivi, halafu wanarudi. Basi. Sekunde 6. Mwaka 1986 hicho kipande kikaingizwa kwenye santuri za kuwasaidia madijei wa hip hop kule Marekani, kikavuka bahari, kikaangukia mikononi mwa wale watoto wa London wenye sampla za Akai, mashine za kunasa na kukata kata sauti, na kompyuta za Atari vyumbani kwao. Sampla zenyewe memori yake ndogo, hata wimbo mmoja mzima hauingii, lakini sekunde 6 zinaingia vizuri tu. Wakawa wanafanya kama fundi anayekata kitenge vipande vidogo vidogo halafu anashona upya nguo ambayo mwenye kitenge hakuiwaza, mlio wa dram kubwa huku, wa dram ndogo kule, hii igeuze nyuma mbele, hii ivute mpaka ilie kama chuma. Ukisikia ngoma za jungle, maelfu ya ngoma shosti, Coleman yumo.

Na Coleman alifariki mwaka 2006 Atlanta, maskini, hana hata pa kulala. Senti moja ya zile ngoma hakuipata. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, yeye ndo alikuwa na haki za wimbo, na habari zilimfikia mwaka 1996, baada ya watu kuutumia miaka na miaka, sheria nayo inamwambia umechelewa kudai. Mwaka 2015 madijei wawili wa Uingereza wakaanzisha mchango mtandaoni, watu wakatoa, zikapatikana pauni 24,000 na kitu wakampelekea mzee. Alifurahi sana, na ilikuwa ni wema wa watu tu, hakuna kampuni wala mahakama iliyomlipa. Naye kashafariki, mwaka 2020.

Nakwambia haya mapema kwa sababu huku ukikaa na watu wa muziki huu lazima ubishi utokee, lini drum and bass iliuzwa kwa makampuni makubwa, huyu anasema 1997, yule anasema 2012, kila mtu na mwaka wake. Mi nasema kuuza si shida, msanii lazima ale. Cha kuuliza ni nani ameshika funguo wakati hela inaingia. Ukiangalia hivyo historia yote inakaa sawa.

Mwanzoni walizishika wenyewe. Redio za serikali haziwapigi, basi wakafungua redio za kuiba masafa, Kool FM ilianza 1991, antena wanaipandisha usiku juu ya paa la ghorofa, serikali inakuja kuing'oa, wiki haiishi wamepandisha nyingine. Humo humo ndo unasikia reivu iko wapi, ngoma gani imetoka, na salamu za watu wanaopiga simu. Ngoma yenyewe unaitengeneza chumbani, unaipeleka Music House wanakukatia dabpleti, santuri laini ya kukatwa moja moja ambayo ukiipiga mara kadhaa inaanza kukwaruza na kufa, unampa dijei mkubwa kama Grooverider au Fabio, Jumamosi inapigwa watu wanachanganyikiwa, halafu miezi inapita hata madukani haijaingia na kila mtu anaitafuta. Ikiwa tayari unachapisha santuri zako, unazipakia kwenye buti la gari, unazunguka nazo dukani kwa dukani. Lebo zao wenyewe pia, Reinforced, Moving Shadow, V Recordings, Ram. Hapo katikati hakuna bosi wa kampuni kubwa hata mmoja, unaona? Kuanzia chumbani mpaka kwenye sakafu ya klabu, njia nzima ya kwao.

Halafu ukaja mwaka 1994 na mambo yakaja yote kwa mpigo. M-Beat na General Levy walitoa Incredible ikafika namba 8 kwenye chati za Uingereza, jungle ikaingia kwenye televisheni, magazeti makubwa yakaja mbio. General Levy alikuwa mtu wa ragga, ile rege ya kuchana maneno, si mwenyeji wa jungle, na akanukuliwa kwenye jarida la The Face kama vile yeye ndo anauendesha huu muziki, basi madijei wakubwa wakakaa kikao wakakubaliana ngoma yake haipigwi. Mi naona walimwonea kidogo, ila naelewa hofu yao, walishaona mlango unafunguliwa na mtu asiye wa nyumbani. Mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kuwapa polisi nguvu ya kuvunja reivu za wazi, na waliandika kabisa ndani ya sheria habari ya muziki wenye mapigo ya kujirudia rudia! Serikali nzima inakaa kutunga sheria dhidi ya drams. Matokeo yake sherehe zikasukumwa ndani ya klabu zenye leseni, na klabu ina mwenyewe, ana baa ya kuuza, ana polisi wa kuwaridhisha.

Na hapo ndo jina likabadilika. Jungle ilikuwa ishapewa sifa mbaya, mara unga, mara fujo, mara vijana weusi wengi mlangoni, wenye klabu wengine hawataki hata kuliona hilo neno kwenye posta. Wakaanza kusema drum and bass, tena magazeti yakaja na nyingine, eti ya wenye akili, kwa ile laini ya kina dijei LTJ Bukem. Bukem mwenyewe ni fundi hasa, nampenda mno, piga albamu yake ya Logical Progression usiku ukiwa unapika utanishukuru. Lakini fikiria, kama hii ndo ya wenye akili, ile ya ma-MC wa Kijamaika, wale wa kuchana kwenye maiki, na sampo za ragga, vile vipande vya kukatwa, ni ya nani? Ragga ikapunguzwa, sauti za watu weusi zikapunguzwa, ndo muziki ukawa safi wa kuuzika. Hilo linaniudhi kuliko chati zote.

Sasa nikwambie habari ya wanawake maana najua utaniuliza. Kemistry na Storm, mabinti wawili madijei, marafiki wa chanda na pete. Wao ndo waliompeleka Goldie klabu ya Rage pale Heaven akasikie Fabio na Grooverider wanapiga, na mwaka 1994 wakaanzisha naye lebo ya Metalheadz, kazi za lebo mwanzoni wanazibeba wao, na Jumapili wanapiga pale Blue Note, Hoxton. Goldie akawa staa, albamu yake ya Timeless ikatoka 1995 kwa kampuni kubwa ikafika namba 7, ngoma ya kwanza peke yake, inaitwa Timeless hivyo hivyo, dakika 21, baadaye ukamwona mpaka kwenye filamu ya James Bond. Kemistry alifariki Aprili 1999, ajali barabarani usiku wakirudi kutoka kupiga, kipande cha chuma cha barabarani kilirushwa na gari la mbele kikapasua kioo. Storm alikuwa naye ndani ya gari. Bado anapiga mpaka leo, na nikisoma historia za huu muziki zenye majina ishirini ya wanaume na hawa wawili wametajwa mstari mmoja nafunga kitabu.

1997 nitapita haraka. Roni Size na wenzake wa Bristol, Reprazent, wakachukua tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya mwaka huku, kwa albamu yao ya New Forms, wakawapita bendi ya Radiohead, nchi nzima ikashangaa. Albamu waliitoa kwa lebo iliyokuwa chini ya kampuni kubwa, lakini lebo yao ya Full Cycle kule Bristol hawakuiacha, na hapo nawapigia makofi. Baada ya hapo kila tangazo la gari lina drams za drum and bass, David Bowie naye alishaingia, halafu kampuni zikachoka zikahamia kwingine. Muziki ukawa mgumu, giza tupu, umejaa makelele ya mashine, wanawake wakahamia gareji, muziki mwingine wa klabu wa London, ambako angalau unaweza kuvaa viatu vizuri na ukasikia mtu anaimba. Wengi wakasema imekufa. Haikufa, na sababu ni zile funguo, lebo zao zilikuwepo, madijei wao walikuwepo, mashabiki wakaongezeka mpaka Brazil na Australia. Waaustralia ndo Pendulum, mwaka 2010 albamu yao ikawa namba moja huku Uingereza.

2012 DJ Fresh akatoa Hot Right Now na Rita Ora, ndo drum and bass ya kwanza kabisa kushika namba moja ya singo. Watu wa zamani walilia. Mi sikuona cha kulilia, huyo Fresh katoka kundi la Bad Company, walikuwa wanatengeneza ngoma nzito kweli kweli, hakuna wa kumfundisha. Ila ngoma kama ngoma haikunigusa, drams zake zimenyooka sana, zile za kukatwa na kushonwa hazimo. Mwaka huo huo Rudimental wa Hackney wakaja na Feel the Love, hiyo nayo namba moja, na ile ina roho, ile ningeicheza hata harusini.

Ndo tunafika kwa PinkPantheress wako na TikTok. Nyimbo zake za mwanzo fupi, nyingi dakika mbili hazifiki, katengeneza chumbani kwake kama wale wa 1992, kaimba kwa sauti ya mtu anayekunong'oneza, na watoto waliozaliwa baada ya Circles wakaupokea kama wa kwao. Na Nia Archives humsemi, kwa nini? Binti wa Bradford, anatengeneza biti mwenyewe, anaimba mwenyewe, anapiga mwenyewe. Tuzo za MOBO, ambazo ni za muziki wa watu weusi, zilikuwa zimeacha kabisa kipengele cha muziki wa elektroniki, akawaandikia barua ya wazi kuwakumbusha muziki huu ni wa nani, kipengele kikarudishwa 2022 na akakichukua yeye. Mwaka uliofuata Beyoncé yuko London, wa kumfungulia jukwaa ni yeye na jungle yake. Na aliita jungle, shosti, neno lile lile lililokuwa linafutwa kwenye posta. Chase & Status nao mwaka 2024 wamefika namba moja na rapa Stormzy, sauti za ma-MC zimerudi juu kabisa mbele ya watu wote.

Kwa hiyo hela imerudi tena, nyingi kuliko mwanzo, na sampo sasa hivi zinalipiwa, mwanasheria anakaa anahesabu nani kachangia nini, kitu ambacho Coleman hakukiona. Nawaangalia hawa mabinti wanavyosaini mikataba na naomba Mungu wawe wameshika vizuri haki za ngoma zao.

Wewe fanya hivi, usiku ukipata bando anza na Amen, Brother, subiri kama dakika moja na nusu hivi utazisikia zile drams, halafu Original Nuttah ya Shy FX na UK Apachi, halafu ile ngoma ya Timeless yote dakika 21 bila kuruka, halafu Circles, ndo urudi kwa mtoto wetu. Weka hedifoni tafadhali, spika ya simu besi haitoi. Ukimaliza nitumie voisi hata kama ni saa nane usiku, nataka kusikia ipi imekushika.

Msalimie mama sana, mwambie ile dawa nimeipata nitamtumia na mtu anayekuja mwezi ujao.

Nakupenda mwaya,
Shosti wako wa London