Pikipiki ya kwenye gemu haipinduki yenyewe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Kwenye vibanda vya gemu hapa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Makorora, kumezagaa maneno kwamba yale magemu ya pikipiki ya kupanda vilima na kuruka mashimo yana uchawi ndani yake: pikipiki inapinduka yenyewe, na anayefika mwisho kabahatika. Si kweli. Kila mwanguko una sababu yake, na mara nyingi ni mafuta yaliyovutwa mahali pa kuachiwa, au breki iliyosahauliwa kabisa. Ipo na sababu ya tatu, lakini hiyo ni ya wenye vibanda, tutaifikia.

Tunalolizungumzia zaidi ni Elasto Mania, kazi ya Balázs Rózsa wa Hungaria, lililotoka mwaka 2000. Bado linachezeka kwenye kompyuta kuukuu kwa kuwa halidai mashine yenye nguvu. Toleo kamili lina hatua 54, na lile la kujaribia lina 18. Asiye na hela ya kununua anaweza kupakua X-Moto, ambalo ni la bure na limefuata mfano huohuo, isipokuwa huko unaokota stroberi badala ya matufaha. Kazi ni ileile: kusanya matunda yote, epuka vitu vyenye miiba, kisha gusa ua la mmea linalomaliza hatua. Mshale wa juu ni mafuta, wa chini ni breki, wa kushoto na wa kulia unazungusha mwili, na kitufe kirefu cha nafasi kinageuza pikipiki itazame upande wa pili. Ni vitufe vitano tu, na ndiyo maana watu wanadhani ni gemu la watoto.

Kwanza mchezaji ajue kompyuta inachunga nini. Katika Elasto Mania vitu vitatu tu ndivyo vinavyogusana na ardhi: tairi mbili na kichwa cha dereva. Fremu, injini, magoti na mgongo vinapita kwenye mwamba bila madhara. Wengi wanarudi nyuma kila wakiona jiwe lililochongoka linaelekea injini, wanapoteza mwendo bure. Jiwe liache lipite. Cha kulinda ni kichwa, basi. Ukiwa na tairi mbili kwenye dari na kichwa kinaning'inia hewani, bado uko hai.

Sasa kilima. Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa, na hapa ndipo hesabu ndogo inaposaidia. Chukua pikipiki yenye mita 1.3 kutoka ekseli mpaka ekseli, kitovu cha uzito kikiwa katikati na sentimita 60 juu ya ardhi. Kwenye tambarare, tairi la mbele halinyanyuki mpaka mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyoongezeka, ufike kama mara 1.08 ya mvutano wa dunia, na kabla ya hapo tairi la nyuma kwa kawaida litakuwa limeshaanza kuteleza. Ipeleke pikipiki hiyohiyo kwenye mwinuko wa nyuzi 30: sasa mara 0.44 tu inatosha kuipindua. Yaani mafuta yaleyale uliyokuwa unayavuta kwa raha pale chini, huku juu yanakulaza chali. Pikipiki haijabadilika, ardhi ndiyo iliyobadilika. Dereva akisogeza uzito mbele kwa sentimita 10, kikomo kinapanda kutoka 0.44 hadi karibu 0.58, na hiyo ndiyo faida ya kuinama mbele. Bodaboda wanaopandisha kutoka Mombo kwenda Lushoto hawahitaji kalamu kulijua hili: abiria akikaa nyuma kabisa na gunia likiwa juu ya keria, usukani unakuwa mwepesi mkononi kabla hujafika Soni.

Mwinuko ukizidi nyuzi 47, pikipiki ya mfano wetu inalala chali hata ikiwa imesimama na breki. Mbona basi kwenye gemu watu wanapanda kuta zilizo karibu wima? Kwa sababu wanapanda kwa mwendo waliouchukua chini, na wakishafika ukutani wanaachia mafuta. Tairi la nyuma lisiposukuma ardhi, hakuna kinachoinua pua, yaani upande wa mbele wa pikipiki. Anayeshindwa ni yule anayefanya kinyume: anakuja taratibu kwa woga, halafu anavuta mafuta yote akishaufikia ukuta. Mshale wa juu wa kibodi haujui nusu. Ama umefungua yote ama umefunga. Nusu unaitengeneza mwenyewe kwa kudonoa kitufe, tap-tap-tap, huku ukitazama tairi la mbele. Likiacha ardhi kwa unene wa kidole kwenye skrini, achia. Wanaocheza magemu ya pikipiki ya Trials, ya kampuni ya RedLynx ya Finland, kwa padi ya kushika mikononi wana nafuu, maana kile kitufe cha nyuma cha padi kinapima mafuta kadiri unavyokikandamiza.

Breki ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Mgeni anaichukulia ni ya kusimamia tu. Katika Elasto Mania breki inazifunga tairi zote mbili kwenye fremu kwa mkupuo, na pikipiki nzima inakuwa kitu kimoja kigumu. Matumizi yake ni matatu. Juu ya ncha ya kilima inakuzuia usiporomoke wakati unapima utakakorukia. Kwenye mteremko mkali unaidonoa mapema, kabla hujafika bondeni, maana ukiibana kwa nguvu tairi la mbele likiwa linaingia kwenye kona ya bonde, mwendo wote unageuka kuwa mpinduko na kichwa ndicho kinachotangulia. La tatu ni hewani. Tairi linalozunguka kasi likifungwa ghafla, mzunguko wake haupotei, unahamia kwenye fremu, na pua inashuka. Waendesha motokrosi halisi wanafanya hivyohivyo wakiwa juu: wakivuta mafuta pua inapanda, wakigusa breki ya nyuma inashuka. Magemu yanaiga jambo hili kwa viwango tofauti, kwa hiyo ipime kwenye gemu lako: ruka kilima kilekile mara tatu, ya kwanza bila kugusa kitu hewani, ya pili ukiwa umeshikilia mafuta, ya tatu ukiwa umeshikilia breki. Utaona pua inaangukia wapi.

Mishale ya kushoto na kulia ni msukumo mmoja wa mwili kila ukibonyeza. Pikipiki ikiwa inatazama kulia, mshale wa kushoto unainua pua na wa kulia unaishusha. Msukumo mmoja ukishatoka, unapita muda mfupi ambao wa pili haupokelewi, kwa hiyo kuibamiza mishale kama unatwanga kisamvu hakuongezi kitu. Mtindo wa kuokoa mruko mbovu ni kuamua mapema, mara tu tairi la nyuma linapoacha ardhi. Ukisubiri mpaka uione ardhi, umechelewa.

Kutua kuna kanuni moja inayoshinda nyingine zote: fremu iwe sambamba na ardhi unayotulia, isifuate upeo wa macho. Unatua kwenye mteremko, shusha pua. Unatua kwenye mwinuko, inua. Shokapu za gemu hili ni laini mno, tairi linaweza kwenda mbali kabisa na fremu, na nguvu yote iliyoingia kwenye springi inarudi. Ukitua kwa tairi moja, springi moja inakurushia teke, na hilo teke ndilo watu wanaloliita uchawi. Wazoefu wanalitumia kwa makusudi: wanatoa msukumo wa mwili pale springi inapobanwa, wanapata mruko wa ziada hata bila kilima.

Kitufe cha kugeuza nacho kina siri yake. Tairi la nyuma pekee ndilo linalosukuma, na ukigeuza, lile lililokuwa la mbele linakuwa la nyuma. Umekwama shimoni, tairi la nyuma linazunguka hewani na la mbele ndilo limegusa ukuta? Bonyeza kitufe kirefu, sasa lililogusa ukuta ndilo lenye mafuta. Tumeona watu wakianza hatua upya kwa kukosa kulijua hili tu.

Sasa ile ya wenye vibanda. Kibodi nyingi za bei nafuu zimefungwa nyaya kwa mistari na safu, na vitufe vingi vinashirikiana waya. Ukibonyeza vitatu kwa pamoja, kibodi inaweza kushindwa kukitambua cha tatu, inakinyamazia. Mchezaji ameshika mafuta, ameshika mshale wa kushoto, anabonyeza nafasi ageuke hewani: pikipiki haigeuki, anakufa, analaumu gemu. Jaribio lake ni jepesi. Ingia hatua ya kwanza, shikilia mshale wa juu na wa kushoto, kisha bonyeza nafasi. Rudia kwa mshale wa kulia. Ikikataa upande mmoja na kukubali upande wa pili, tatizo ni kibodi. Dawa si lazima iwe kununua nyingine. Elasto Mania linaruhusu kubadilisha vitufe kwenye menyu ya mipangilio. Hamishia kugeuza kwenye kitufe cha Ctrl, kwa kuwa Ctrl, Shift na Alt kwa kawaida vina waya wake. Shift msiitumie: ukiibonyeza mara tano mfululizo, Windows inafungua kisanduku chake cha vitufe vya kunata (Sticky Keys) na kukutoa kwenye gemu katikati ya mruko.

Kwa vibanda vya karibu na bahari tunaongeza hili: hewa ya chumvi inakula miguso ya chini ya vitufe, na mishale ndiyo inayokwenda kwanza kwa kuwa ndiyo inayopigwa. Kitufe kinachohitaji kukandamizwa mara mbili ndipo kisikie hakifai kwa gemu hili hata kama kwa kuchapa barua kinatosha. Zima kompyuta, fungua kibodi, futa kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke kabisa. Na aliyeunganisha kompyuta kwenye televisheni badala ya skrini yake atafute kwenye mipangilio ya televisheni sehemu ya gemu aiwashe. Bila hivyo televisheni inaipamba picha kwanza ndipo iionyeshe, na mchezaji anakuwa anaendesha yaliyokwisha kupita.

Wenye simu za batani wasijione wameachwa. Gravity Defied, lililotoka mwaka 2004 kwa simu za Java, lina fizikia ya aina hiyohiyo, na ligi zake zinaanzia pikipiki ya cc 100, kisha 175, kisha 220. Simu nyingi za namna hiyo hazipokei batani mbili kwa mara moja, na watu wengi wanakwama hapo: wanataka kuvuta mafuta na kuinama pamoja, haiwezekani. Mtengenezaji alilifikiria. Katika mpangilio wa kwanza wa batani, 2 ni mafuta, 8 ni breki, 4 ni kuegemea nyuma na 6 ni kuinama mbele. Zile za pembeni zinachanganya: 1 ni mafuta na kuegemea nyuma, 3 ni mafuta na kuinama mbele, 7 na 9 ni breki na kuegemea. Karibu kilima chochote kwenye gemu hilo kinapandwa kwa kupishanisha 3 na 6. Aliyekuwa anang'ang'ana na 2 peke yake alikuwa anajipindua mwenyewe.

La mwisho ni mashindano yanayofanywa vibandani, ambayo huishia kwenye ubishi. Elasto Mania linapima muda mpaka sehemu ya mia ya sekunde, na ukokotoaji wake unafuata kasi ya picha ya mashine, kwa hiyo pikipiki haidundi sawasawa kwenye kompyuta mbili zenye nguvu tofauti. Wote wachezee kompyuta moja, kibodi moja, hatua moja, na kabla ya kuanza kila mmoja apewe nafasi ya kulipima lile jaribio la vitufe vitatu. Anayedai muda bora ahifadhi marudio yake, yaani rekodi ya mzunguko aliocheza, palepale gemu linapomuuliza, maana akishaanza mzunguko mwingine bila kuhifadhi, ushahidi umepotea. Faili la marudio ni dogo sana, linaingia kwenye flashi yoyote, na waamuzi wanaweza kuliangalia tena mbele ya watu wote kabla ya kutoa zawadi.

Wachezaji wa gemu la pikipiki,
Ngamiani, Tanga