Shukrani kwa mzee wa kiti cha pembeni, Las Vegas

Jina hukulitaja, mzee wangu, ila Kiswahili chako cha pwani nilikisikia pale kwenye meza ya blackjack, ule mchezo wa karata wa kasino wa kuikaribia 21 bila kuipita, na popote ulipo nasema ahsante sana.

Ulianzia pale wengi wanaporuka: maandishi yaliyochapishwa kwenye kitambaa cha meza. "Soma kwanza, mwanangu. Tatu kwa mbili, ukipewa ree, ile karata ya A, na kumi mwanzoni, dola 10 zinakuletea 15. Meza ile ya sita kwa tano inakupa 12. Ukae kule kwa lipi?"

Kuhesabu 21 nilikuwa najua. Wewe ulinifundisha kutazama karata ya wazi ya mgawaji. Yeye hana hiari: akiwa na 16 lazima aongeze, akifika 17 anasimama, ingawa meza nyingine 17 yenye ree inayohesabiwa 11 nayo huongezwa. Basi akionyesha sita nami nina 13, natulia, nimwache apitilize mwenyewe. Nane mbili nazitenga, kila moja ianze mchezo wake na dau lake. Bima, lile dau la pembeni kwamba mgawaji ana 21 ya karata mbili, naikataa, hata itangazwe kwa tabasamu zuri namna gani.

Na ile ya mikono! Kugonga kitambaa kwa kidole ni kuomba karata, kupunga kiganja ni kutosha, maana kamera za juu zinataka kuona ishara.

Hukunificha pia kwamba nikicheza sawasawa kabisa, kasino bado inanizidi kidogo, kwa hiyo nije na pesa ya starehe, si ya kodi ya nyumba.

Mungu akujalie afya njema. Shikamoo, mzee wangu.